Usimwambie mtoto kwamba aliyekufa "amelala": tulivyojifunza wanyama wanavyolala

Hii kitu nimeikalia muda mrefu, leo nikaona niiandike tu labda itamsaidia mama mwenzangu au baba yeyote mwenye mtoto wa umri wa chekechea. Tunakaa Kigamboni, nyuma ya nyumba tuna banda dogo la kuku wa kienyeji, na mwaka jana kifaranga mmoja akafa. Binti yangu wakati huo ana miaka 5, ndo aliyemkuta asubuhi, yuko ubavu miguu imenyooka. Akanikimbilia, "mama, kifaranga haamki". Mi nawahi pantoni, kichwa kiko kazini, nikamjibu kile ambacho wengi wetu tunajibu, "amelala mama, muache apumzike". Nikamchukua yule kifaranga nikamfukia kwenye migomba nikaondoka zangu.

Usiku ule mtoto hakulala. Amekaa ndani ya chandarua macho makavu, na mdogo wake wa miaka 3 kila akitulia anamtikisa, "amka, amka". Kesho yake vilevile. Ikaenda karibu wiki mbili, mchana anasinzia shuleni, usiku vita. Nikampima homa hana, nikampima malaria hana, jirani akaniambia nimpeleke akaombewe. Mama yangu mzazi akaja kutoka Kilwa kututembelea, akamweka mjukuu wake mapajani akamuuliza taratibu tu, "mke mwenzangu, usingizi umekukosea nini?" Mtoto akasema, "nikilala mama atanifukia kwenye migomba."

Niliingia chumbani nikalia. Alikuwa ananichungulia dirishani siku ile na mi sina habari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama huna muda wa kusoma mengine basi shika huu tu: kiumbe kikifa mwambie mtoto kimekufa. Sisi lugha yetu ina adabu sana kwenye msiba, tunasema amelala, amepumzika, usingizi wa milele, na mtu mzima anaelewa kwamba ni heshima kwa marehemu. Mtoto wa miaka 4 au 5 yeye anachukua neno zima zima kama lilivyo. Ukishamwambia kufa ni kulala, umemwambia pia kwamba kulala ni kufa, halafu saa mbili usiku unamwambia akalale.

Sasa nilimtoaje huko? Ni bibi yake tena, wala hakupanga. Siku hiyo mdogo wetu kalala kwenye mkeka mchana, sabufa ya jirani inapiga mpaka bati linatetemeka na yeye hana habari. Bibi akasema, "muone mume wangu, kalala kama pono." Binti akadaka hapo hapo, "pono ni nani?" Bibi akamwambia pono ni samaki. "Samaki analala?"

Mi ningejibu hapana, manake nimekua nikiambiwa samaki halali kwa sababu hafumbi macho. Kumbe samaki hafumbi macho kwa sababu hana kope za kufumbia, usingizi anao kama kawaida. Bibi akaeleza, baba yake alikuwa mvuvi, wakienda usiku na karabai wanamkuta pono kajibanza kwenye matumbawe katulia tuli, unamsogelea kabisa na hashtuki, ndo maana watu wa pwani tunamtolea mfano mtu mwenye usingizi mzito. Usiku nikaingia intaneti kutafuta zaidi na nilichokikuta kilinifurahisha kweli. Kuna aina za pono ambao wakitaka kulala wanatoa ute mdomoni mpaka unawazunguka mwili mzima kama mfuko mwepesi wa kioo, wanalala humo ndani, asubuhi wanautoka. Wanasayansi wa Australia walijaribu kuwatoa pono kwenye ule ute usiku wakaona wanashambuliwa zaidi na vidudu vya baharini vinavyonyonya damu, kuliko wale walioachwa na ute wao. Utafiti wao ulitoka mwaka 2011 na wenyewe wakauita ule ute chandarua cha baharini. Chandarua! Asubuhi nikamwambia binti yangu pono ana chandarua chake anajitengenezea mwenyewe, akanyamaza kidogo halafu akauliza, "na asubuhi anatoka?" Nikamwambia anatoka anaenda kula. Akauliza tena, "kila siku anatoka?" Kila siku mama.

Hapo nikajua njia ni hii. Alikuwa hahitaji kuambiwa "usiogope", nilishamwambia mara mia na haikusaidia kitu. Alihitaji kuwaona waliolala wakiamka.

Tukaanzia bandani. Saa moja na nusu usiku, giza limeshaingia, tumechukua tochi ya simu nimeifunika na kitambaa ili isiwachome macho. Kuku wamepanda kwenye mti wa kulalia wamebanana, manyoya wameyatutumua, wengine kichwa wamekiingiza nyuma kwenye bawa. Nikamwambia angalia kifua. Akaangalia mpaka akakiona kinapanda na kushuka. Angalia jicho, kwa kuku ni kope la chini ndo linapanda juu kufunga, sio la juu kama letu, akajaribu na yeye kufumba kwa chini akashindwa tukacheka. Tetea mmoja wa pembeni alikuwa kafumba jicho moja tu, hili lingine liko wazi anatuangalia. Ndege wanaweza hivyo, nusu ya ubongo inalala na nusu inabaki zamu, na kwa bata watafiti waliona kabisa kwamba wale wa pembeni mwa kundi wanafanya hivyo zaidi kuliko wa katikati kwa sababu wao ndo wako mlangoni. Binti akasema "huyo ndo mlinzi". Basi mpaka leo anaitwa Mlinzi, na sikukuu ikija sijui nani atathubutu kumchinja.

Akauliza mbona hawadondoki. Hili sikumjibu kwa maneno, nilisubiri Jumamosi nikanunua miguu ya kuku ya supu nikamwachia mmoja mbichi kabla sijautia sufuriani. Pale juu ulipokatwa kuna kano nyeupe kama uzi mnene, ukiivuta vidole vinakunja vyenyewe, ukiachia vinafunguka (wengi tumechezea hii utotoni jikoni kwa mama zetu). Nikamwonesha, kuku akichutama kwenye mti goti linakunja, kano inavutwa, vidole vinashika, kwa hiyo halazimiki kukaa anajikaza usiku kucha. Alivuta ile kano nadhani mara hamsini, mdogo wake anapiga kelele kila vidole vikifunga. Popo naye ni hivyo hivyo ila kageuzwa, uzito wake mwenyewe ndo unavuta kano kucha zinajifunga kwenye tawi, ndo maana analala kichwa chini na hachoki. Tuna mti wa mkungu hapa mtaani, jioni popo wanakuja kula kungu, tunawaangalia kwa mbali wakijining'iniza. Kwa mbali, nasisitiza. Popo wanabeba magonjwa, mtoto afundishwe hata akimkuta kaanguka chini asimguse, aje aite mtu mzima.

Halafu nikampeleka Feri, soko la samaki la ng'ambo ya pili, Dar es Salaam mjini. Hii niliifikiria sana kabla, kwa sababu pale samaki wote wako macho wazi na wote wamekufa, nikaogopa nisije nikarudisha yale yale. Lakini nikasema hapana, hapa ndo penyewe. Tumevuka na pantoni asubuhi mapema, tumemkuta mzee mmoja anauza pono wa kijani na bluu, wazuri mno na mdomo wao ule kama wa kasuku, tukamwamkia shikamoo akamruhusu mtoto ashike. Binti akaniuliza kwa sauti ndogo, "mama, huyu amelala?" Nikachuchumaa nikamwambia hapana, huyu amekufa, wavuvi wamemvua usiku. Nikamfunulia matamvua, pale Feri wanaita mashavu, nikamwambia samaki aliyelala haya yanafunguka na kufunga taratibu, anapumua, huyu hayachezi, hata ukimrudisha majini hataamka. Akaweka kidole pale akasubiri kwa muda mrefu, yule mzee wala hakumharakisha. Mwisho akasema "hapumui", akafuta kidole kwenye gauni akaomba juisi ya miwa.

Usiku huo alilala saa mbili na nusu. Sitaki kusema ilikuwa dawa ya siku moja, alishaanza kupoa kidogo kidogo toka tuanze kwenda bandani, na baada ya pale pia kulikuwa na usiku mbili tatu za kuamka. Ila kumtikisa mdogo wake aliacha. Anamwekea mkono tumboni, akiona linapanda na kushuka anamwacha.

Sasa kuna makosa mengine niliyafanya huko mbele nayaweka hapa usiyarudie. La kwanza ni kukimbilia vidio. Nilipoona mada imemkolea nikawa namwekea vidio za wanyama za YouTube muda wa kulala, na ile simu yenyewe ndo ikawa inamfukuzia usingizi. Vidio weka mchana, usiku mkae na mdomo tu na wanyama wa nyumbani. Paka wetu peke yake ni darasa, analala mchana karibu wote, ukimwangalia vizuri utaona miguu inachezacheza na ndevu zinatikisika. Mjusi kafiri wa ukutani naye yuko kama samaki, hana kope za kufumba, jicho lake analisafisha kwa kulilamba na ulimi, na mchana ukimtafuta utamkuta nyuma ya fremu au kabati kapumzika kwa sababu zamu yake ya kazi ni usiku.

La pili ni kumpa masaa bila kufikiri. Nilimwambia kuna tembo wawili wa kike kule Botswana wanasayansi waliwafungia vipimo, mwaka 2017 wakatangaza kwamba walikuwa wanalala kama masaa mawili tu kwa siku, tena mara nyingi wamesimama. Habari nzuri, ni kweli, na nilijuta. Manake usiku wake, "mama leo mi tembo". Ikabidi nielezee kwamba tembo ana mwili mkubwa anatakiwa kutembea na kula karibu siku nzima, kila mnyama ana kipimo chake na wewe kipimo chako ni kirefu kwa sababu unakua. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilielekeza mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale masaa 10 mpaka 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana, nikamwonesha kwenye saa ya ukutani mshale unatoka wapi unaishia wapi. Kwa hiyo ukimtaja tembo au twiga, kaa tayari na jibu.

Usimshindanishe na baba yake pia, hahaha. Baba yao ni mtu wa Mwanza, aliposikia pono pono kila siku akasema pono cha mtoto, kwetu ziwani kuna samaki anaitwa kamongo. Na kweli, kamongo maji yakikauka anajichimbia kwenye tope, anatoa ute unamkaukia mwilini kama ganda, anakaa humo anapumua hewa kwa tundu dogo, miezi na miezi mpaka mvua irudi. Ukitaka mtoto akuelewe hili chimbeni pamoja shimo kwenye udongo uliolowa mkatie kijiti humo, mrudi baada ya jua la siku tatu muone tope lilivyoshika.

Wa mwisho aliyewakaa ni pomboo, wale wa kule Kizimkazi Unguja. Pomboo lazima apande juu kuvuta hewa, akilala fofofo kama sisi atazama, kwa hiyo analaza nusu ya ubongo, jicho moja linafumba, baadaye anabadilisha. Tulicheza hivyo sebuleni, unaziba jicho moja unatembea polepole, kila ukihesabu hadi kumi unanyanyua kichwa unavuta pumzi. Kwa mtoto wa miaka 3 mchezo kama huu unatosha kabisa, maelezo ya ubongo muachie dada yake, we mwache aigize.

Kitu kimoja nimejifunza kwenye kuuliza: kabla hujamwambia chochote muulize yeye anadhani huyu analalaje. Binti yangu alisema konokono analala kwenye nyumba yake anafunga mlango. Nilitaka kumrekebisha, nikaangalia kwanza, kumbe kiangazi konokono anajifungia kweli, anaziba mdomo wa kombe lake kwa ute unaokauka. Tulimkuta mmoja kabandika ukutani nyuma ya tenki la maji, mlango umefungwa.

Juzi sasa mdogo, ambaye keshafika miaka 4, kauliza mbu analala saa ngapi. Nikamwambia hawa wa malaria kazi yao ni usiku, mchana wanatafuta sehemu yenye giza wanatulia, wale wa dengue ndo wanang'ata mchana. Akaniangalia, akaenda kuchukua simu yangu kwenye chaji, akawasha tochi. Tumezunguka chumba saa nane mchana wote watatu, nyuma ya pazia, nyuma ya mlango, chini ya kitanda, na kwenye mguu wa kitanda upande wa ukutani tukamkuta mmoja katulia. Dada yake akamshika mkono akamwambia kwa kunong'ona, "usimguse kwanza, tuone kama anapumua."