Kuchorea kadi za mchezo kwa akili unde (AI): pima kabla ya kuomba picha

Ukitengeneza mchezo wako wa kadi, kadi ya kawaida ni milimita 63 kwa 88. Ukiongeza milimita 3 kila upande ili kisu kipate nafasi, faili linakuwa 69 kwa 94. Dirisha la picha, yaani sehemu ya kadi inayobeba mchoro, likiwa la milimita 55 kwa 40, kwa nukta 300 kwa inchi, linataka pikseli 650 kwa 472 tu, kwa hiyo usilipie huduma ya kukuza picha. Picha inayojaza kadi nzima ndiyo inayotaka zaidi: 815 kwa 1110. Kwa picha ya dirisha, omba uwiano wa 11 kwa 8 tangu mwanzo. Ukiomba mraba kisha ukate, vichwa na miguu ndivyo vinavyopotea.

Neno "kadi" lisionekane kabisa katika maelezo unayoipa programu. Likionekana, utachorewa fremu yenye maandishi yasiyosomeka. Omba mchoro mtupu. Fremu, majina na nguvu za wahusika ziunganishwe baadaye kwa nanDECK, programu ya bure inayosoma jedwali na kupanga kadi zote kwa mkupuo.

Picha moja nzuri ni rahisi. Hamsini zinazofanana kama za mkono mmoja ndiyo kazi. Andika sentensi moja ya mtindo (rangi ya maji, mwanga kutoka kushoto, nyuma pasiwe na vitu vingi) uibandike kila mara bila kugusa herufi, ukibadilisha mhusika peke yake. Kwenye Midjourney, programu ya kuchora kwa akili unde, ongeza picha ya kielelezo cha mtindo kwa amri ya --sref. Kisha punguza kila picha hadi upana wa milimita 55 uitazame kwa urefu wa mkono. Mhusika asipotambulika, itupe, hata kama kwenye skrini kubwa inapendeza.

Mandhari ya kwetu yana taabu yake. Ukiandika "Nairobi" utaletewa mbuga, migunga na shuka nyekundu. Matatu hutoka na mlango kulia, ilhali abiria wetu hupandia kushoto. KICC hubaki na mnara bila ule ukumbi wa umbo la pia ulio kando yake. Kwa hiyo taja vitu vyenyewe, au piga picha kwa simu uipe programu iifuate. Korongo wa pale uwanja wa Nyayo eleza kwamba ana upara na mfuko shingoni, la sivyo utapewa ndege mrembo ambaye jiji hili halijawahi kumwona.

Ukifika River Road, Nairobi, kuchapisha, karatasi ya SRA3 (milimita 320 kwa 450) inabeba kadi 18 zikilazwa, safu 6 za kadi 3. Seti ya kadi 54 ni karatasi 3. Chagua karatasi ya gramu 300, na laminesheni isiyong'aa pande zote mbili, kwa sababu ya upande mmoja huikunja kadi. Picha za akili unde hupenda vivuli vizito, na kwenye karatasi vivuli hivyo huzama kabisa: ongeza mwanga, uchapishe karatasi moja ya majaribio kwanza. Mgongo wa kadi usiwe na mstari mwembamba wa pembeni. Pande mbili zikipishana milimita moja tu, mstari huo utaegemea upande, na mchezaji mjanja ataijua kadi kabla haijafunuliwa.

Ukitaka kuuza, akili unde ibaki kwenye seti ya majaribio, na wahusika wakuu walipiwe mchoraji. Februari 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa kulinda picha za Midjourney zilizokuwa ndani ya kitabu cha katuni, na wanunuzi wa kadi ni wakali: Januari 2024 Wizards of the Coast, watengenezaji wa mchezo wa kadi wa Magic, walikanusha kwanza, kisha wakakiri kwamba tangazo lao la mchezo huo lilikuwa na sehemu za akili unde. Tangu 29 Agosti 2023 Kickstarter, tovuti ya kuchangishia fedha za miradi, nao hutaka ueleze ni sehemu zipi zimetengenezwa hivyo. Kwa hiyo ongeza safu wima moja katika jedwali la nanDECK: programu iliyotumika, maelezo uliyoipa, tarehe.