Mtoto kafa kisimani, watu wanamlaumu mama: tulivyofanya huku kwetu Chamwino

Pole sana dada, na tufikishie pole kwa huyo mama. Umesema mtoto wa jirani yenu amefukiwa na udongo akichota maji, na hata kabla hajazikwa wapo wanaosema mama yake ni mzembe, na wengine kwamba ni adhabu kwa kuwa aliacha kusali. Unauliza ninyi wa jumuiya mfanye nini. Nakujibu kwa yale tuliyoyapitia wenyewe, maana msiba wetu ulifanana na wenu karibu kwa kila kitu.

Kwa wasioijua Dodoma: mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Zikikatika, makorongo yanabaki mchanga mtupu, na akina mama wanachimba mashimo humo kuyafuata maji. Kiangazi kikisonga, shimo nalo linazidi kwenda chini. Ikifika Oktoba mtu anaingia mwili mzima, anachota kwa kopo, anampandishia aliye juu. Kuta ni mchanga. Binti wa jirani yetu alikuwa ndani ulipoporomoka.

Msibani maneno yalianza siku ile ile. Alimtumaje mtoto? Yeye alikuwa wapi? Na hakuna nyumba hata moja pale kijijini isiyotuma mtoto maji. Nadhani watu hulaumu kwa sababu ya hofu. Nikiweza kusema fulani alikosea, basi naondoka nikiamini wangu watarudi salama jioni, kwa kuwa mimi sikosei kama yeye.

Mama yule alikaa kwenye jamvi, ameegemea ukuta. Mtu, kwa nia njema kabisa, alikuwa amelileta dumu la yule binti kutoka korongoni, lile la njano la lita ishirini, akaliweka mlangoni. Basi macho ya mama yakawa hapo tu. Bibi mmoja wa Umoja wa Akina Mama akanyanyuka, akalifunika kwa khanga yake, akalipeleka nyuma ya nyumba, akarudi kukaa mguu kwa mguu na mfiwa. Hakusema kitu. Baadaye akaingia mama mwingine, bado amesimama, akauliza kwa sauti: "Hivi ulimtuma peke yake?" Bibi akamjibu bila kumwangalia: "Wa kwangu nilimtuma jana. Na wewe, maji uliyonawia leo asubuhi nani kayachota?" Yule mama akakaa chini, akaanza kulia, akalia kweli kweli. Tangu hapo sikusikia tena swali lile ndani ya nyumba ile.

Hilo la adhabu ya Mungu lijibuni kwa Maandiko, msilipite. Luka 13: watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye mwenyewe anaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anawauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wote wa Yerusalemu, kisha anakataa waziwazi. Wito wa kutubu anaoutoa hapo anawapa walio hai, hao hao waliokuja na habari. Halafu someni Yohana 9. Kipofu aliyetumwa kunawa katika birika la Siloamu, wanafunzi walikuwa wameuliza habari zake: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akakataa tena. Na hakuishia kwenye kukataa. Alitema mate chini, akafanya tope, akampaka macho. Kwangu mimi huo ndio utaratibu wetu Wakristo msibani: unakataa lawama, halafu mikono yako inashika kazi.

Jihadharini pia na maneno mazuri. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" aliyasema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na wageni waliokuja kuhani. Rafiki zake waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kunena neno, na hapo walifanya vema. Walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia kosa, mwisho wa kitabu Mungu anasema hasira yake imewaka juu yao. Kwa hiyo msimkabidhi mama maneno hayo. Akiyasema yeye, itikieni amina.

Najua mtu atakuja hapa chini kuuliza: sasa tusiulize sababu, watoto waendelee kufa? Hapana, sababu iulizwe. Sisi wa Dodoma tunaikumbuka treni ya Igandu, tarehe 24 Juni 2002, ilipopoteza breki ikarudi kinyumenyume kwa kasi hadi kuigonga treni ya mizigo, wakafa watu 281. Breki zilishindwaje ni swali la lazima, na lina watu wake na mahali pake. Kando ya jeneza sipo mahali pake. Sisi tulisubiri mazishi yapite, maturubai yashushwe, ndipo mkutano wa kitongoji ukaitwa. Jina la mama halikutajwa kabisa. Ikakubaliwa mdomo wa shimo upanuliwe ili kuta zilale, mtoto asishuke ndani kamwe, mtu mzima akishuka mwenzake abaki juu, na mashimo ya zamani yafukiwe au yazibwe kwa miiba. Wanaume wakaenda na majembe kesho yake.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa baada ya watu kutawanyika. Rambirambi zilikuwa zimesomwa, sufuria zimerudishwa, na nyumba ile bado ilihitaji maji kila siku kutoka korongo lile lile. Mama hakuweza kwenda. Alifika njiani, miguu ikakataa, akarudi na ndoo tupu. Akina mama wakapangana zamu, kila asubuhi dumu mbili mlangoni kwake, hadi mvua zilipokuja. Walikuwemo na Waislamu wawili, majirani, na walianza kabla ya baadhi yetu. Kama mtafanya jambo moja tu katika haya yote, fanyeni hilo.

Kuhusu shemeji yake uliyesema anatishia kumrudisha kwao: msimseme kanisani mbele za watu. Waende wazee wawili nyumbani kwake jioni, wamkute ametulia, waanze kwa kumpa pole yeye. Kwetu baba mdogo wa marehemu ndiye alikuwa mkali kuliko wote, na hakuna aliyekuwa amemwambia pole. Alipopewa, alizungumza habari za yule mtoto hadi usiku.