Kabla hujakubali meno yote yang'olewe

Dada, samahani, hili litakuwa gazeti. Nimesoma swali lako mara mbili. Mdogo wako wa kiume ana miaka 22, ana ulemavu wa akili na kifafa, fizi zimevimba mpaka zinaanza kufunika meno, mswaki hataki hata kuuona, na mmeambiwa dawa ni kung'oa yote. Halafu kuna mchangiaji hapo juu kakujibu "ng'oa yote upumzike, kwani anaenda kumchekea nani." Huyo nitamrudia.

Mimi si daktari. Ni fundi umeme hapa Tanga, na nina mdogo wangu wa kike mwenye sindromu ya Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na ukuaji. Nyumbani tunamwita Bibie, sasa ana miaka 34. Mama alipofariki mwaka 2014 Bibie alihamia kwangu. Nilikabidhiwa dawa zake, nguo zake, mpaka sahani anayoitaka, lakini habari ya mswaki hakuna aliyenitajia. Nilidhani anapiga mwenyewe. Alikuwa anaingia bafuni, anatoka na povu mdomoni, basi, siku imeanza.

Miezi kama saba baadaye akaanza kujipiga kofi. Shavu la kulia tu. Ugali akawa anausukuma, anataka uji, na uji wenyewe uwe umepoa. Usiku halali, anazunguka sebuleni akiguna. Sasa ona tulivyotafsiri. Shangazi alisema anamlilia mama yake. Jirani alisema ana kitu, akaitwa shekhe, akasomewa siku tatu. Tulikokwenda kliniki wakatuandikia dawa ya kumtuliza, akawa anasinzia mchana na mdomo umemkauka. Nilikuja kujua baadaye kwamba mdomo mkavu ni sherehe kwa vijidudu vya meno, kwa kuwa mate ndiyo yanayosuuza na kuipunguza makali ile asidi inayotoboa jino. Wiki ya nne shavu likavimba kama kaficha embe. Gego la chini lilikuwa limeoza hadi mzizini na jipu limeshatunga.

Mwezi mzima mtu anateswa na jino, na sisi watu wazima sita hakuna aliyesema "hebu fungua mdomo tuone." Angekuwa mwanangu wa darasa la nne kashika shavu, ningejua kabla hajamaliza kulia. Kwa Bibie kila kitu tulikihesabu kuwa ni ulemavu wake, au jini, au huzuni. Tangu hapo kwangu ni sheria: Bibie akibadilika kwa lolote, akikataa chakula kigumu, akianza kutafuna kola ya gauni, akiamka na hasira, tochi ya simu inapita mdomoni kwanza. Mengine tutayawaza baadaye. Mdogo wako naye umeandika kwamba siku hizi "amekuwa mkali." Usimwite mkali mpaka mtu aangalie yale magego ya nyuma.

Siku ya kung'oa ilikuwa mbaya. Tulimshika watu wanne. Penye jipu ganzi haishiki vizuri, na waliokuwa zamu walikuwa na foleni, wakaendelea hivyo hivyo. Jino lilitoka, lakini kwa karibu mwaka mzima Bibie alikuwa akiona mtu mwenye nguo nyeupe anajificha chini ya meza. Na hapa ni Tanga. Ijumaa mtaa mzima ni kanzu nyeupe. Nilikuwa navalia kanzu kwa jirani ndipo niende msikitini.

Kwa hiyo swali lako la "hataki mswaki" nalielewa sana. Nikueleze tulivyofanya, maana haikuwa kwa nguvu. Wiki ya kwanza mswaki ulikaa tu pale anapoweka redio yake. Hakuna aliyemwambia auguse. Baadaye nikawa napiga meno yangu mbele yake, nikamwachia na yeye anipige (alinitoboa fizi, lakini alicheka, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka akiwa karibu na mswaki). Kisha mswaki ukagusa mkono wake, shavu, mdomo kwa nje, meno ya mbele kwa kuhesabu moja mpaka tano halafu tunaacha, hata kama hatujafanya chochote cha maana. Kuacha pale nilipoahidi kuacha ndiko kulikomrudishia imani. Kufika magego ilichukua miezi miwili. Mwanzoni tulijaribu kupiga kwa muda wa wimbo mmoja, kumbe Bibie anapenda taarabu, na taarabu ya zamani tungemaliza na ulimi. Tukarudi kuhesabu.

Mkao una maana kuliko watu wanavyofikiri. Ukisimama mbele yake unakuwa kama unamshambulia, na huoni kitu. Mkalishe kwenye kiti kifupi, wewe simama nyuma, kichwa chake kiegemee tumboni kwako, umwangalie mdomoni kutoka juu. Wengine hulaza kichwa mapajani, mkekani. Mswaki uwe laini, ulalie mshazari pale jino linapokutana na fizi, usuguliwe taratibu. Dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere inatosha, na soma kwenye boksi kama ina floridi, yale madini yanayolinda jino lisioze, ppm (kipimo chake) 1000 hadi 1500. Akimaliza ateme tu, asisukutue na maji mengi, floridi ibaki kwenye meno. Kama hawezi kutema, punguza iwe ya kupaka tu, kisha mfute kwa kitambaa safi. Kama anang'ata, kunja kitambaa cha uso kama kamba, akishike kwa meno upande mmoja wakati unapiga upande wa pili. Vidole vyako visipite kati ya meno. Nina kovu.

Kama anapenda kushika mwenyewe lakini mpini unamponyoka, vika mswaki ule mpira wa usukani wa baiskeli. Mia chache kwa fundi baiskeli. Mwache apige, halafu wewe umalizie. Hapo pa kumalizia ndipo tunapokosea wengi: tunafurahi kwamba "anajitegemea," kumbe anapiga meno manne ya mbele kila siku ya maisha yake.

Tena fizi zikitoa damu usiache. Najua ukiona damu unahisi umemuumiza. Mara nyingi damu ni dalili kwamba utando wa uchafu umekaa pale na fizi imewaka, na ukiuondoa kila siku, kwa wiki mbili hivi utaona inapungua. Ule uliokwisha kuwa mgumu, ugaga, mswaki hauutoi. Huo ni wa daktari kukwangua.

Nimesisitiza fizi kwa sababu kwa watu kama Bibie ndizo zinazoangusha meno. Wenye sindromu ya Down mara nyingi meno yao huchelewa kuota, mengine hayaoti kabisa, mizizi ni mifupi, na kinga ya mwili haipambani vizuri na vijidudu vya fizi. Unaweza kukuta jino zima, halina tundu hata moja, linacheza kwa sababu fizi na mfupa vimeliachia, na mtu ana miaka ishirini na kitu tu. Hilo la kuchelewa kuota lilitugharimu mapema. Bibie alipokuwa mchanga, akaharisha na hana jino hata moja, wajuzi wa mtaa walimwambia mama mtoto ana meno ya plastiki. Akapelekwa kwa bibi mmoja akachokolewa fizi ili "yatolewe." Meno ya plastiki hayapo. Kinachochokolewa ni jino changa la chonge ambalo halijatoka, na kwa mtoto wanaingiza chuma ambacho hujui kimetoka wapi. Mpaka leo Bibie chonge moja ya chini hana. Mwenye mtoto mchanga asome hapa mara mbili.

Sasa turudi kwa mdogo wako, maana wake ni wa kifafa. Anatumia dawa gani? Kama ni fenitoini, hiyo inajulikana miaka mingi kwa kukuza fizi, na hukuza zaidi pale penye uchafu. Kwa hiyo kinachofunika meno yake huenda si ugonjwa wa meno kwa asili yake, ni dawa ikishirikiana na mswaki usiopigwa. USIMWACHISHE dawa kwa sababu nimeandika mimi humu. Akiachishwa ghafla anaweza kupata degedege zisizokatika, na hizo zinaua. Nenda kliniki yake ya kifafa, waambie fizi zimefika wapi, waulize kama inawezekana kubadilishiwa kidogo kidogo. Halafu daktari wa meno akwangue ugaga, ninyi nyumbani mpige mswaki kila siku, na fizi iliyozidi inaweza kukatwa. Ila ikikatwa na mengine yakabaki kama yalivyo, itarudi.

Jambo jingine la kifafa: akianguka, hakuna kijiko kuingia mdomoni. Ulimi haumezwi. Kijiko kinavunja meno, na nimewaona waliovunjwa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, ngoja.

Na wewe ndugu wa "ng'oa yote upumzike." Anayepumzika ni nani? Ukimng'oa yote atakula nini, uji mpaka uzeeni? Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua kwa mtu asiyeelewa kwa nini kawekewa kitu mdomoni, tena mwenye kifafa, ni hatari. Yanavunjika, yanaweza kumezwa au kuingia njia ya hewa. Yapo meno ya kung'oa, sikatai, lililooza mpaka mzizini halina dua. Lakini kila jino liulizwe lenyewe. Matundu mengine yanazibika. Mengine ambayo bado hayaumi kuna dawa ya matone yenye madini ya fedha na floridi, inapakwa bila kuchonga wala sindano, mara nyingi inasimamisha uozo. Ubaya wake inaacha doa jeusi palipooza. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Uliza kama wanayo huko unakotibiwa. Kwa mtu asiyekaa kwenye kiti dakika tano, doa jeusi si kitu.

Mtafute daktari ambaye yuko tayari kupoteza siku ya kwanza. Wa kwetu (nilimpata kwa kuulizia sana, hospitali nyingine kabisa) siku ya kwanza hakushika chombo. Alivaa shati la kitenge, akamwambia Bibie "leo tunahesabu tu," akahesabu kwa kidole, tukaondoka. Ya pili alimwonyesha kioo kidogo, akakigusisha kwenye ukucha wake, kisha kwenye jino moja. Ya nne ndiyo ya kukwangua. Omba miadi ya asubuhi kabla foleni haijajaa na kelele. Nenda na orodha ya dawa zake kwenye karatasi.

Kwa wenye sindromu ya Down ongeza mawili. Karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo, na baadhi ya hitilafu hizo zinadai antibayotiki kabla ya kung'oa ili vijidudu visiende kukaa kwenye moyo. Pia shingo: wengine viungo vya juu ya shingo vimelegea, kichwa kisivutwe nyuma kwa nguvu. Daktari mwingine hatauliza, wewe sema.

Kama imeshindikana kabisa, ipo nusu kaputi. Analazwa usingizi teatani, kila kinachohitajika kinafanywa siku hiyo moja: kukwangua, kuziba, kung'oa. Inahitaji mtaalamu wa usingizi, ni gharama, na kwenye mikoa mingi utapewa rufaa. Lakini ni afadhali kuliko watu wanne kumkalia mtu. Kama kuna kung'oa, sharti lenu liwe kwamba mjue kabla ni jino lipi na kwa nini.

La mwisho ni pipi, na hapa nina hasira kidogo. Kila mtu anamhurumia Bibie kwa pipi. Mwenye duka, makonda, wageni. "Masikini, mpe tofi." Unajua tulijuaje kwa uhakika kwamba tofi inayong'ang'ania kwenye jino, ikiliwa katikati ya milo, ndiyo mbaya kuliko sukari ile ile iliyoliwa na chakula? Waswidi walijaribu kwa watu wenye ulemavu wa akili. Hospitali ya Vipeholm, mjini Lund, kati ya 1945 na 1955. Kuna waliopewa tofi 24 kwa siku, zilizotengenezwa makusudi zigande, ili waone meno yatakavyooza. Hakuna aliyewaomba ruhusa. Wengi meno yaliharibika moja kwa moja, na viwanda vya sukari na peremende vilichangia fedha. Kutokana na majibu yale Waswidi wakashauriwa watoto wale peremende siku moja tu kwa wiki, Jumamosi.

Mimi nimeichukua hiyo, ila kwetu ni Ijumaa. Ubuyu, kashata, soda, chochote alichopewa wiki nzima kinaingia kwenye kopo, Ijumaa baada ya chakula cha mchana anakula anavyotaka, halafu mswaki. Wageni wanaojua wanaleta embe au karanga. Na dawa za maji za usiku, nyingi zina sukari: mpe kabla ya mswaki, si baada.

Dada, ukirudi hapa andika jina la dawa ya kifafa kama lilivyo kwenye paketi, na kama unaweza, angalia leo usiku kwa tochi uniambie fizi zimevimba zaidi mbele au nyuma. Bibie anakusalimu. Ananisubiri bafuni na mswaki wangu, zamu yake ya kunipiga mimi.