Maswali na majibu: Acheni kumlaumu aliye karibu na mpira

Barua za wiki hii kuhusu futiboli ya Kimarekani nimezisoma zote, na nyingi ni barua ileile iliyoandikwa na watu tofauti: beki wa pembeni kaachwa, beki wa pembeni hafai, beki wa pembeni auzwe. Nimechagua nane. Za matusi zimekwenda kapuni.

Kwa nini beki anayelipwa mamilioni ya dola NFL, ligi kuu ya Marekani, anaachwa yadi 10 na mpokeaji, halafu anageuka kutazama nyuma kama mtu aliyepoteza funguo? (Msomaji, Tabata)

Kwa sababu mara nyingi yule si mtu wake. Timu ikikaba eneo kwa Kava 2, kazi ya beki wa pembeni ni kumsukuma mpokeaji pale mwanzoni, kumharibia mwendo, kisha kumwachia sefti, yaani beki wa nyuma kabisa, yeye mwenyewe abaki kungoja pasi fupi. Kati ya hao wawili, kandokando ya mstari, kama yadi 18 hadi 20 mbele, kuna shimo ambalo kila kwotabeki (mrusha pasi) wa ligi ile analijua kama njia ya kwao. Sefti akichelewa hatua mbili kwa kuwa kwotabeki alitazama katikati makusudi ili amvute, mpira unatua shimoni. Kamera inaufuata mpira, inamkuta beki wa pembeni, mtangazaji anataja jina lake, nawe unaniandikia. Pale anapogeuka nyuma anamtafuta mwenzake aliyepaswa kuwepo.

Shemeji yangu alikuwa na ugonjwa huohuo. Siku moja nikamwekea marudio, nikasimamisha picha kabla mpira haujatoka, nikamwambia aweke kidole juu ya sefti na asikitoe. Mara ya kwanza kidole kilienda chenyewe kule mpira ulikoenda, kama paka na mwanga wa tochi. Mara ya pili vilevile. Mara ya nne ndipo akaona: sefti alipiga hatua moja kuelekea katikati, moja tu, na mambo yaliharibikia hapo, kabla kwotabeki hajanyanyua mkono. Tangu siku hiyo amepunguza kelele. Hajaacha, amepunguza.

Samahani, Kava 2 ni nini? (Msomaji, Ruiru)

Masefti wawili nyuma, kila mmoja analinda nusu ya uwanja. Nimelijibu mara nne msimu huu. La tano halijibiwi.

Fainali ya Februari 2023, Eagles walikuwa wapi wakati wapokeaji wa Chiefs wanafunga peke yao, tena mara mbili? Walilala? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Hawakulala, ndugu yangu. Walikuwa wanapokezana watu, na hapo ndipo walipoibiwa.

Mpokeaji akianza kukimbia kabla mpira haujachezwa, akivuka kwenda upande wa pili, una njia mbili. Umfuate mpaka mwisho, au umkabidhi kwa mwenzako: wako huyo, mimi nabaki na wa huku. Karibu na goli, kukabidhiana kuna faida, maana mabeki wakifuatana ovyo pale penye msongamano wanagongana kama daladala kwenye kituo kimoja. Lakini kuna kisekunde kimoja ambapo mchezaji anakuwa hana mwenyewe. Chiefs walikwishakiona kwenye mikanda ya mechi za Eagles.

Robo ya nne. Chiefs walikuwa yadi 5 kutoka goli la Eagles. Mpokeaji wao Toney akaanza kuelekea ndani kana kwamba anavuka. Eagles wakaanza kupokezana. Toney akapiga breki, akarudi alikotoka, na mpira ukachezwa wakati huohuo. Upande ule hapakuwa na jezi ya kijani hata moja. Kwotabeki wao, Mahomes, angeweza kumpelekea mpira kwa bahasha. Dakika chache baadaye Toney akaurudisha mpira wa teke yadi 65 mpaka yadi 5 kutoka goli la Eagles, na wakiwa yadi 4 wakafanya karibu jambo lilelile upande wa pili wa uwanja, safari hii kwa Skyy Moore. Peke yake tena. Mechi ikaisha 38-35.

La kwanza nawasamehe Eagles, mtu hutegwa. La pili ni la benchi. Kati ya tachidauni (mabao) hizo mbili kulikuwa na muda wa kutosha kwa kocha kusema neno moja: akigeuka, aliyekuwa naye amrudie. Sijui kwa nini watu huona aibu kumlaumu mwenye ubao na kalamu.

Ile faulo ya mwisho mechi hiyohiyo, refa hakununuliwa? (Msomaji, Nyali)

James Bradberry, beki wa Eagles aliyeadhibiwa, mwenyewe alisema baada ya mechi kwamba alimvuta jezi mpokeaji. Unamtetea mtu aliyekwishakiri.

Sekunde 13. Miaka inapita na bado silali vizuri. Alaumiwe nani? (Shabiki wa Bills, Toronto)

Pole. Kwa wasiojua: Januari 23, 2022, mchujo wa nane bora, Kansas City, nyumbani kwa Chiefs. Bills wanaongoza 36-33 na zimebaki sekunde 13. Kosa la kwanza lilitangulia ukabaji. Mpira wa kuanzisha walipiga hadi ndani ya eneo la goli, kwa hiyo saa haikusogea hata sekunde. Wangeuburuza chini, Chiefs wangelazimika kuuokota na kukimbia, na sekunde zingekatika.

La pili ni walivyopangwa. Mabeki walitanda pembeni na nyuma kabisa, wakilinda mistari, kama vile wapinzani hawana taim-auti, ruhusa ya kusimamisha saa. Walikuwa nazo! Mwenye taim-auti hana haja ya kukimbilia nje ya uwanja kusimamisha saa; katikati panamtosha, na katikati paliachwa wazi kama uwanja wa shule siku ya likizo. Tyreek Hill wa Chiefs akadaka, yadi 19, zikabaki sekunde 8. Taim-auti. Mwenzake Travis Kelce akaona mabeki walivyosimama, akaachana na njia iliyochorwa, akapita katikati yao: yadi 25, sekunde 3. Taim-auti. Butker, mpiga teke wao, akapiga teke la yadi 49, ngoma ikawa 36-36. Kwenye muda wa nyongeza Chiefs walishinda sarafu ya kuamua nani aanze na mpira, wakafunga, 42-36, na Josh Allen, kwotabeki wa Bills, hakugusa mpira. Mwaka uleule ligi ilibadili kanuni ya muda wa nyongeza kwenye mchujo ili kila timu ipate zamu yake. Hilo lilikuwa haki, lakini halifuti zile sekunde 13, na wanaolalamikia sarafu wananichosha.

Kwa hiyo unaniuliza nani. Sikutajii beki hata mmoja. Nakutajia Sean McDermott, aliyekuwa kocha mkuu, na Leslie Frazier aliyekuwa na ulinzi.

Basi kwako wewe beki hakosei kamwe. Ulikuwa beki nini? (Msomaji, Dodoma)

Nilikuwa kipa, tena wa akiba. Na mabeki wanakosea, sana tu. Januari 12, 2013, baridi ya Denver, Broncos wanaongoza 35-28 na imebaki chini ya dakika moja. Rahim Moore, sefti wa mwisho, ana kazi moja: mtu asipite nyuma yake. Joe Flacco, kwotabeki wa Ravens, akarusha mbali, Moore akauhesabu mpira vibaya, akaruka mapema, ukapita juu ya vidole vyake na kumwangukia mpokeaji Jacoby Jones. Yadi 70. Ravens wakashinda 38-35 katika kipindi cha pili cha nyongeza, kisha wakaenda kuchukua Super Bowl, fainali ya ligi.

Januari 14, 2018, Minneapolis, Marcus Williams wa Saints, msimu wake wa kwanza ligini. Sekunde 10, Vikings hawana taim-auti. Mpokeaji wao Stefon Diggs akidaka na kuangushwa ndani ya uwanja, mechi imekwisha. Hakuhitajika kuukata mpira, wala kupiga mtu kwa nguvu. Alihitajika kusubiri mtu atue, kisha amkumbatie. Aliinamisha kichwa, akajirusha, akamkosa Diggs na kumgonga mwenzake Ken Crawley. Yadi 61, 29-24.

Hao siwatetei. Ila mliosema Williams asicheze tena, mwaka 2022 Ravens walimpa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 70. Wanaosoma mikanda huwa hawasomi pigo moja.

Pasi ya Salamu Maria inakabwaje? (Msomaji, Arusha)

Ile pasi ndefu ya kubahatisha ya sekunde za mwisho? Mpira upigwe chini, usidakwe kwa ushujaa. Na mtu mmoja asimame nyuma ya rundo kukaa na mpinzani anayengojea mabaki. Oktoba 27, 2024 Tyrique Stevenson wa Bears alikuwa amegeukia jukwaa anawakejeli mashabiki wa Washington wakati mpira unaanza kuchezwa. Akashtuka, akakimbilia rundo, akaugusa mpira juu, nao ukamfikia Noah Brown aliyesimama peke yake nyuma yao. Yadi 52, 18-15. Aliomba radhi, na ilimpasa.

Jumapili tubeti nani? (Wasomaji kumi na mmoja, mikoa mbalimbali)

Sibashiri. Na yule anayewauzia "alama za mabeki" kwa wiki, muulizeni alijuaje timu iliitisha ukabaji gani, maana hakuwa kwenye kikao. Mechi za mapema zinaanza saa mbili usiku kwetu; Wamarekani wakisharudisha saa zao nyuma mwezi Novemba, saa tatu.