Simu ilisema "hatari ndogo", mizabibu ikaugua

SWALI: Ndugu Mhariri, nina ekari moja na nusu ya zabibu hapa Hombolo. Kijana wangu aliniwekea kwenye simu programu inayokadiria hatari ya magonjwa kwa kufuata hali ya hewa. Mwezi Januari iliandika "hatari ndogo" siku baada ya siku, nami nikaacha kupiga dawa. Baadaye majani yalitoka madoa ya manjano, kama yaliyodondokewa na mafuta, na upande wa chini utando mweupe. Nimepiga salfa mara mbili bila nafuu. Je, programu hizi ni za kuaminiwa?
Msomaji, Hombolo, Dodoma

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Dalili ulizoeleza ni za ubwiri vinyoya, ilhali salfa ni dawa ya ubwiri unga, ule unaokaa juu ya jani kama vumbi la sembe na kufutika kwa kidole.

Programu ya aina hiyo hailioni jani lako. Huchukua vipimo vya hali ya hewa na kukokotoa kama vinaufaa ugonjwa. Ubwiri vinyoya hauwezi kuingia kwenye jani pasipo maji. Kanuni ya zamani ya wakulima wa Ulaya ilitahadharisha juu ya maambukizi ya kwanza pale joto linapofika nyuzi 10, machipukizi yana sentimita 10, na mvua ya milimita 10 imenyesha ndani ya siku moja au mbili. Kwetu Januari joto hilo lipo usiku na mchana na machipukizi yamekwisha kurefuka, kwa hiyo hesabu yote inabaki kwenye mvua. Sasa jiulize: programu yako ilisoma mvua ya wapi? Ikiwa ilitumia kituo cha mjini, basi ilikuwa ikikueleza habari za shamba la mtu mwingine, maana mvua ya Dodoma ni ya vipande: Ihumwa maji yanatiririka, Hombolo vumbi, na kesho kinyume chake. Weka kipima mvua shambani mwako, ukisome kila asubuhi, na uchague programu inayokubali uingize namba zako mwenyewe.

Kwa ubwiri unga nina shaka zaidi na programu hizi. Kipimo mashuhuri cha Chuo Kikuu cha California, Davis, huongeza alama 20 kila siku yenye saa sita mfululizo za joto la nyuzi 21 hadi 30, na alama 60 ni hatari kubwa. Dodoma wakati wa mvua siku za namna hiyo ni za kawaida, hivyo kipimo hicho kitakuambia "hatari" karibu kila ukikifungua.

Kwa sasa, punguza majani yanayoziba hewa kwenye vichala, kisha peleka jani lenye madoa kwa afisa ugani au kituo cha utafiti cha Makutupora kabla ya kununua dawa nyingine. Dawa za kopa, yaani zenye madini ya shaba, hukinga majani mapya, lakini haziponyi yaliyokwisha kuambukizwa.