Imeli imetoka kwa anwani yangu mwenyewe, nimedukuliwa?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Naendesha nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu, na imeli za spamu, hizi zinazotumwa ovyo bila kuombwa, haziishi. Juzi imekuja moja inaonyesha imetoka kwa anwani yangu mwenyewe, inasema wamenirekodi kwa kamera ya laptop, nilipe bitcoin. Kijana wa saiba anataka paswadi yangu na elfu tatu anisafishie. Nimpe? Na hawa wanaotuma wanafaidika nini?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Usimpe, na hao wa bitcoin pia usiwalipe wala usiwajibu.

Hili la anwani naulizwa kila mara na linanikera, maana watu wanaliamini jina la mtumaji kabisa. Mfumo wa kutuma imeli ulipangwa mwaka 1982, watumiaji walikuwa wachache, kwa hivyo wenyewe hauulizi wewe ni nani, ni kama bahasha, mtu anaandika nyuma jina lolote analotaka. Siku hizi kampuni kubwa za imeli zinakagua lakini imeli nyingine za uongo zinapenya tu. Hakuna video hapo. Hata wakikutajia paswadi yako ya zamani, mara nyingi imevuja kwenye tovuti fulani uliyojisajili, sasa kama bado unaitumia popote ibadilishe leo leo.

Faida yao ni kwamba kutuma imeli laki kumi ni karibu bure, akinasa mmoja wametoka. Spamu ya kwanza inayojulikana, mwaka 1978, ilikuwa tangazo la kompyuta tu kwa watu kama 400 huko Marekani. Za leo zinatafuta paswadi, au zinakuletea faili lenye virusi limeitwa risiti.

Na wewe mwenye wageni ndio wanakutaka hasa, wanakuandikia kama mgeni anayebuki, unabonyeza linki, inafunguka peji imefanana na ile unayoingilia kila siku, unaandika paswadi, basi wameingia, wanawaandikia wageni wako kwa jina lako watume diposti akaunti nyingine. Sasa huyo kijana ukimpa paswadi kwa mkono wako, tofauti iko wapi? Hakuna kitu kinaitwa kusafisha imeli jamani, spamu haikai ndani ya akaunti ikaoshwa, inatumwa kutoka nje! Pesa zenu zinaliwa bure. Anayekuomba paswadi, au ile nambari inayokuja kwa SMS, awe fundi, awe benki, awe binamu yako, mnyime. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na paswadi akaunti inataka pia kitu cha pili kama nambari ya kwenye simu yako, ni bure, na mgeni akikuandikia ghafla mambo ya kubadilisha akaunti ya malipo, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si hiyo iliyo kwenye imeli.