Nywele zinaponyonyoka: tusubiri dawa mpya?

Shikamoo daktari. Nina miaka 27, niko Dodoma. Nywele za mbele zinarudi nyuma kama za baba. Nasikia dawa ya kuponya upara iko karibu. Nianze zilizopo au nisubiri?

Marahaba, mwanangu. Kama hali inakukosesha raha, usisubiri.

Upara wa kurithi unatokana na homoni iitwayo DHT, ambayo mwili huitengeneza kutoka kwenye testosteroni. Kwa mwenye urithi huo, DHT hudhoofisha mizizi ya nywele za paji na utosi. Kila nywele mpya huota nyembamba kuliko iliyotangulia, mwisho hubaki malaika tu. Lakini mzizi haufi upesi, na hapo ndipo watafiti wanapoelekeza nguvu zao.

Dawa zilizothibitishwa ni za siku nyingi. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa walipoanza kuota nywele mwilini, ikatengenezwa ya kupaka, na Marekani ikairuhusu mwaka 1988. Finasteridi ya miligramu 1, inayopunguza utengenezaji wa DHT, ilifuata mwaka 1997. Zote mbili huhifadhi nywele zilizopo zaidi ya kurudisha zilizopotea, na ukiziacha faida yake hupotea ndani ya miezi. Finasteridi usiinunue kimyakimya dukani. Wanaume wachache hupungukiwa hamu au nguvu za kiume, na mwaka 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni mojawapo ya madhara ya kidonge hiki. Pia hushusha kipimo cha PSA cha tezi dume kwa karibu nusu, kwa hiyo siku ukipimwa, mtaje daktari kwamba unaitumia.

Katika zinazokuja, mbili nazifuatilia kwa karibu. Klaskoteroni huizuia DHT kwenye ngozi yenyewe. Krimu yake ya chunusi ilipata kibali Marekani mwaka 2020, na ile ya kichwa imefika awamu ya tatu ya majaribio, yaani ile ya watu wengi inayotangulia kuombewa kibali. Nyingine, PP405, imetokana na utafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Hii haigusi homoni kabisa: inabadilisha namna seli shina za mzizi, yaani seli mama zinazozalisha nywele, zinavyotumia nishati, ili zilizolala ziamke. Matokeo ya mwaka 2025 yalionyesha kwamba kati ya wanaume waliokuwa wamepoteza nywele nyingi zaidi, asilimia 31 waliongezewa wingi wa nywele kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya wiki 8. Kwa waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na kiambato, ya kulinganishia tu, hakuna hata mmoja. Nimefurahi sana kuyasoma. Hata hivyo lilikuwa jaribio dogo, na wengi wa waliotumia dawa hawakufikia kiwango hicho. Hata ikifaulu, itahitaji kukuta mizizi iliyo hai, na ndiyo unayoweza kuilinda leo.

Nina miaka 38, niko Tanga. Utosini pamekatika, panawasha na kuchoma. Nimesuka na kutia dawa tangu nikiwa msichana. Je, nywele za kuotesha maabara zitanifaa?

Dada yangu, nenda hospitali mwezi huu huu. Kuchoma na kuwasha utosini, ngozi ikianza kung'aa, ni dalili za upara wa makovu unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Uvimbe wa ndani kwa ndani huua mzizi, kovu likachukua nafasi yake. Kovu likishakaa, hakuna dawa ya kupaka wala kidonge kitakachootesha nywele pale.

Usijilaumu kwa misuko tu. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya wanawake wenye tatizo hili wana kasoro katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na ujenzi wa nywele. Misuko ya kuvuta huongeza mzigo, na ndiyo hasa inayomaliza nywele za pembeni ya uso, ambazo ukiwahi kulegeza hurudi.

Kuhusu maabara: mwaka 1999 watafiti wa Durham, Uingereza, walihamisha seli za mizizi ya nywele kutoka kichwa cha mwanamume hadi mkono wa mwanamke, na nywele zikaota. Mwaka 2022 wenzao wa Yokohama, Japani, waliotesha mizizi kwa kutumia seli za panya. Zaidi ya miaka 20 imepita kati ya hatua hizo, na bado hakuna tiba ya namna hiyo kliniki. Dawa mpya nilizotaja juu nazo zinalenga upara wa kurithi, si kovu lako. Hili linaniuma, maana wanawake wenye tatizo hili ninawaona kila mara, na wengi hufika wamechelewa.

Daktari atakata kipande kidogo cha ngozi kukipima, kisha huenda akakupa sindano za steroidi kichwani au antibiotiki iitwayo doksisaiklini ili kuzima uvimbe. Ukikosa mtaalamu hapo Tanga, kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kinafikika kwa basi.

Mwanangu wa miaka 13 ana mabaka ya duara yasiyo na nywele, na nyusi zimeanza kutoka. Majirani hapa Mombasa wanasema ni jini. Kuna vidonge vya Marekani?

Si jini, na si kosa lako, mama. Kwanza apimwe kama si mapunye, ambayo ni fangasi na yana dawa yake ya kumeza. Kama ngozi ni laini bila magamba, huenda kinga ya mwili inashambulia mizizi. Hali hiyo haiambukizi, aendelee na shule.

Vidonge vipo. Barisitinibi iliruhusiwa Marekani mwaka 2022 kwa watu wazima, ritlesitinibi mwaka 2023 kuanzia miaka 12. Katika majaribio ya barisitinibi, zaidi ya theluthi moja ya waliopewa dozi ya juu walikuwa na nywele kwenye angalau asilimia 80 ya kichwa baada ya wiki 36. Lakini ni kwa hali kali, bei ni kubwa, na hupunguza kinga: lazima apimwe kifua kikuu kabla ya kuanza. Mabaka yakiwa machache, steroidi ya kupaka au sindano ndiyo huanza.

Nimejifungua miezi minne iliyopita, nywele zinatoka kwa mafungu. Nipake maji ya kitunguu?

Hapana, yatakuwasha bure. Ni kawaida baada ya uzazi, na nyingi hurudi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Pima damu kama unachoka sana, na usisuke kwa kukaza kipindi hiki.